Wembere sio pipa la mafuta, jamani

Leo sina stori za bumu wala foleni ya kantini. Nina hasira.

Tangu TPDC waanze kutafuta mafuta na gesi kwenye bonde la Eyasi Wembere, kila nikirudi nyumbani Ulemo nakuta maneno mapya. Eti mafuta yameshaonekana. Eti mwenye akili anunue ardhi kule mbugani sasa hivi. Na wanaosema hivyo ni wasomi! Mtu ana nondo mbili anakwambia Uganda wapo Bonde la Ufa, na sisi tupo Bonde la Ufa, kwa hiyo mafuta yapo. Yaani jirani kapika ubwabwa, mimi nina sufuria, basi nimeshiba.

Twende taratibu. Bonde la namna ile halikuchimbwa na mto. Ganda la dunia linavutwa pande mbili, linakatika kwenye nyufa ndefu, na kipande kimoja kinazama. Ukitoka Misigiri ukashuka Mlima Sekenke kwenda Shelui, pale madereva wa malori wanapomkumbuka Mungu, unateremka ukingo wa ufa wenyewe. Huku juu kwetu ni miamba mikongwe, graniti zenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kule chini ni tambarare kama meza, na utambarare ule ndio mashapo: changarawe, mchanga na tope vilivyoteremshwa na maji kutoka milimani. Vizito vinatua karibu na mlima, tope laini linafika mbali. Na maji yenyewe hayaendi baharini. Wembere inaingia Ziwa Kitangiri, kutoka hapo Mto Sibiti unaishia Eyasi, jua linamaliza kazi na chumvi inabaki. Kila kinachoingia kinabaki humo humo. Ufa ukiendelea kushuka, na uzito wa mashapo ukizidi kukandamiza, nafasi ya kujaza inaongezeka tena.

Sasa mafuta hayatokani na shimo. Yanatokana na tope lenye mabaki ya viumbe, lizikwe chini sana, mara nyingi kilometa 2 au zaidi, mpaka lipate joto la kama nyuzi 60 hadi 120. Halafu uwepo mchanga wa kuyahifadhi na tabaka gumu la kuyafunika yasitoroke. Ziwa Albert na Ziwa Tanganyika yana mashapo ya kilometa kadhaa. Wembere huwezi kuukadiria unene kwa macho ukiwa kwenye basi la Mwanza. Ndio maana wataalamu wanapima mvutano wa ardhi, wanapiga mitetemo, kisha wanachoronga. Na hata ukipata, si kesho: Uganda waliyapata 2006, na miaka 15 baadaye walikuwa bado wanajadili bomba.

Na nyie mnaosema Singida ni alizeti na kuku tu, kaeni kimya pia. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa 1909, babu zenu hawajazaliwa.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Kuna mashapo ambayo hayahitaji mtaalamu kuyathibitisha, nayo ni udongo wa mashamba yetu. Mvua ya kwanza ikipiga kwenye mlima uliokatwa miti ya mkaa, maji yanashuka mekundu. Korongo la nyuma ya shamba letu nilikuwa naliruka nikiwa la tatu. Leo ng'ombe akitumbukia humo mnamtoa kwa kamba. Ule udongo wa juu unaoota mtama na alizeti unaenda kujaza bonde, hautarudi. Hakuna anayeitisha mkutano kwa ajili yake. Mkutano ukiitwa, watu wanauliza mafuta yatatoka lini!

Likizo iliyopita kuna mzee wa jirani alikuwa tayari kuuza ekari zake nzuri za huku juu akanunue kichaka kule chini, kwa maneno ya dalali. Wanae wamemzuia, kwa sasa. Wana Singida mliopo hapa chuo, mkienda likizo Desemba mkamkuta dalali wa aina hiyo sebuleni, mwulizeni swali moja tu: hapo anapouza, mashapo yana unene wa mita ngapi, na nani kapima?