Kizazi Kilichopokonywa "Cha"

Chini ya bahari ya Msimbati, si mbali na mlango wa Mto Ruvuma, umelala moto. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa karibu robo karne bila ya kuguswa, kisha ikawasha taa za Mtwara. Na mwaka 2015 ikakamilishiwa bomba la zaidi ya kilomita 500 la kuipeleka Dar es Salaam. Januari na Mei 2013, bomba lingali likijengwa, watu wa Mtwara walitoka barabarani kuipinga safari hiyo, na wapo ambao hawakurudi majumbani mwao. Kijana wa huko aliyekulia katika miaka hiyo akiitwa kizazi cha moto, neno hilo halihitaji sherehe wala tafsiri.

Kwa hiyo Kizazi Moto, mfululizo wa filamu kumi za katuni za kubuni kisayansi uliotolewa na Disney Julai 2023, ulistahili kungojewa Mtwara kwa hamu kuliko penginepo, na ni huko pia unakostahili kuulizwa maswali. Inaelezwa kuwa jina limetokana na "kizazi cha moto". Hiyo "cha" imeachwa njiani. Atatokea mtu aseme kuwa maji moto na uji moto husemwa bila ya kiungo chochote, na Waswahili wenyewe ndio wasemao. Ni kweli, lakini hapo moto ni sifa ya joto, nayo hupoa. Kizazi cha moto ni kile kilichozaliwa na moto au kinachouwasha. Kizazi moto ni kilichoepuliwa jikoni sasa hivi. Mshairi akikata silabi hudaiwa sababu, ama mizani ama kina. Hapa ni mizani ipi iliyookolewa?

Haki ya kazi hii isidhulumiwe. Waongozaji wake wametoka nchi sita, Afrika Kusini, Kenya, Misri, Nigeria, Uganda na Zimbabwe, chini ya usimamizi wa studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini, na kila mmoja ameachiwa mkono wake. Hapana filamu mbili zenye sura moja. "Enkai" ya Ng'endo Mukii wa Kenya inamchukua mtoto wa kiungu ajifunzaye kuumba ulimwengu, ilhali mama yake amechoshwa na kuutibu ulimwengu unaoharibiwa na binadamu. Rangi zake zinakaa machoni muda mrefu baada ya picha kuzimwa. "Herderboy" ya Raymond Malinga wa Uganda inamfanya mchungaji wa ng'ombe kuwa shujaa wa zama za mashine, na hakuna anayeona ajabu. Katika "Hatima", kijana Mati wa watu waishio chini ya bahari anapaswa kuushinda woga wake ili aujue ukweli wa vita baina ya watu wake na wa nchi kavu. Mvuvi wa Mikindani aliyezoea kuiona bahari katika sinema kama pazia la hoteli angeitambua hii kuwa ni bahari yenye wenyewe. Kwa jicho, basi, kazi imefuzu, wala si kwa kuonewa huruma.

Udhaifu umo katika ulimi. Hatima ni neno la Kiswahili. Kizazi Moto ni maneno ya Kiswahili. Mlango ukishafunguliwa, lugha inayotawala ndani ni Kiingereza. Wenye kuitetea husema kuwa soko ndilo linalotaka hivyo. Na iwe hivyo. Lakini soko hilo hilo ndilo lililoona kuwa Kiswahili kinafaa kuandikwa juu ya mlango. Kampuni hiyo si mgeni wa mchezo huu. "Hakuna matata" ilisajiliwa nayo nchini Marekani kuwa alama ya biashara, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini kulalamikia jambo hilo. Zaidi ya hayo, siku mfululizo ulipotoka, huduma ya Disney+ ilikuwa imekwisha kufunguliwa Afrika Kusini na Misri, lakini si Kenya wala Uganda, ambako baadhi ya wasanii hao wametoka, seuze Tanzania.

Hoja ya gharama nayo haina miguu. Marehemu vibanda vya video (kwani vingi vimekwisha kufa) vilikuwa na wafasiri waliokaa na kipaza sauti kimoja wakaifanya filamu ya Hong Kong izungumze Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo Dar es Salaam. Alikuwa akiongeza chumvi, na pengine alimtia mwigizaji maneno ambayo hakuyasema. Lakini mtazamaji hakubaki nje ya hadithi akiangalia midomo ikitikisika.

Wala isidaiwe kuwa Kiswahili hakiwezi kuibeba sayansi ya kubuni. Katama Mkangi alichapisha Walenisi mwaka 1995, riwaya ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani na kutua katika dunia nyingine yenye jina hilo. Msomaji akilitenga jina, anapata "wale ni sisi", na safari yote inageuka mbele yake. Hilo ni jina linalofanya kazi ndani ya lugha yake. Ondoa Kiswahili, na riwaya haisimami. Ondoa Kiswahili katika Kizazi Moto, na hakuna filamu hata moja itakayotikisika.

Kuhusu maumbo ya ajabu, Mtwara haikungoja kufundishwa. Wamakonde wa pande mbili za Ruvuma wamekuwa wakichonga vinyago vya ngoma, mapiko, ambavyo upande wa kaskazini huitwa midimu: vichwa vya mti mwepesi, pengine vyenye nywele za watu za kweli, huvaliwa na mchezaji aliyefunikwa asijulikane. Mapiko hayakubaki na mizimu peke yake. Mzungu alipofika alichongwa, Mhindi alichongwa, askari naye akachongwa, kila mgeni na umbo lake. Katika mpingo, Samaki Likankoa anahesabiwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani, wenye viungo vinavyoota pasipo mahali pake. Watu waliovuka mto huo kufuata kazi za mkonge walibeba ulimwengu mzima vichwani mwao, na katika filamu kumi za jina la Kiswahili hakuna hata moja iliyoongozwa na Mtanzania.

Dawa iliyo karibu ni ndogo mno kwa kampuni yenye mali kama hiyo. Kila filamu ni ya dakika kama kumi. Wafasiri wachache na waigizaji wa sauti kutoka Mombasa, Unguja na Mtwara wangeweza kuzifasiri zote kabla ya msimu mmoja wa korosho kwisha, na "cha" ikarudishwa juu ya mlango. Ikishindikana hata hilo, watazamaji wa Msimbati watakuwa na haki ya kuuliza kwa nini jina lilichukuliwa kwao.