Tutembelee dunia: India, kule muji wa zahabu ulibaki bila zahabu



Mwezi huu tunavuka bahari. Mama, kamata kile kisanduku cha dawa ulichopewa kwa dispanseri, usome pembeni yake. Mara mingi utakuta wameandika kwamba dawa ile ilitengenezwa India. Na wazee wa Lubumbashi wanakumbuka askari Wahindi waliokuja na ONU mwaka wa 1961. Basi India si mbali nasi kama tunavyofikiri. Twende tuione.

Inchi na mvua yake

India iko upande wa kusini wa Azia. Ukubwa wake unakaribia kilometa za eneo 3 287 000. Congo yetu iko na 2 345 000. Inatupita, lakini hata mara mbili haifiki. Lakini watu sasa! Wanapita miliari 1,4. Mwaka wa 2023, ONU ilihesabu kwamba India imepita hata Uchina kwa wingi wa watu.

Kaskazini kuna milima ya Himalaya, yenye teluji siku zote, na pale ndipo muto Gange unatokea. Katikati na kusini ni inchi ya juu, wanaiita Deccan. Mulimaji wa kule anangojea mvua moja kubwa inayotoka baharini. Inaanza kunyesha kusini karibu na mwanzo wa mwezi wa sita, na mupaka mwezi wa tisa inaleta karibu robo tatu ya mvua yote ya mwaka. Ikikawia, inchi nzima iko na wasiwasi.

Toka kompani mupaka uhuru

Utawala wa Waingereza haukuanza na mufalme. Ulianza na kompani ya biashara, iliyozaliwa London mwaka wa 1600. Ilikuja kutafuta viungo na vitambaa, lakini nyuma ya vita ya Plassey, mwaka wa 1757, ikaanza kukusanya kodi na kutawala. Ni mwaka wa 1858 tu serikali yenyewe ya Uingereza ilikamata inchi mukononi. Sisi watu wa migodi hatuhitaji kufasiriwa mambo ile. Tunajua namna kompani inaweza kuwa baba na mama wa muji.

Mwaka wa 1930, Gandhi alitembea kwa miguu kilometa karibu 385 mupaka baharini, akaokota chumvi. Juu ya nini chumvi? Kwa sababu serikali ilikataza watu kujitengenezea chumvi na iliilipisha kodi. Mwaka wa 1943, njaa ya Bengale iliua watu milioni mbili mupaka tatu. Uhuru ulifika tarehe 15 Agosti 1947, lakini siku zile inchi ilikatwa vipande viwili, India na Pakistan. Watu kupita milioni kumi waliacha nyumba zao, na wengi sana waliuawa. Sisi tunaokumbuka miaka ya 1992 na 1993, na jamaa zilizolala kwa gare ya Likasi na ya Kolwezi zikingojea treni, tunajua uchungu ule.

Nyuma ya uhuru, njaa ilitisha tena. Ndipo mwenye elimu mumoja wa kule, M. S. Swaminathan, alishirikiana na Mumarekani Norman Borlaug, wakaleta mbegu za ngano fupi yenye kuzaa mingi. Walimaji wa Punjab wakaipokea. Mwaka wa 1965 India ilivuna ngano tani milioni 12. Mwaka wa 1970 ikavuna milioni 20. Hasara pia iko: kwa kunywesha mashamba, walivuta maji mingi ya chini ya udongo, na leo maji ile inashuka.

Muji wa zahabu

Sasa, wapendwa, tufike kwa habari inayotugusa sana.

Katika jimbo la Karnataka kuna muji unaoitwa Kolar Gold Fields. Watu wanasema KGF tu. Kompani ya Waingereza ilianza kuchimba pale mwaka wa 1880. Mwaka wa 1902 umeme ulifika, wakati miji mingi mikubwa ya Azia ilikuwa ingali na taa za mafuta. Shimo moja, Champion Reef, lilishuka kupita kilometa tatu. Watu walikaa katika kambi za kompani, na baba akizeeka mwana alishuka pahali pake. Nyuma ya uhuru, serikali ya India ikawa mwenyewe wa mashimo. Mwisho wa mwezi, mushahara unaingia. Nani angefikiri kwamba itaisha?

Tarehe 28 Februari 2001, mashimo yalifungwa. Zahabu ilikuwa imepungua katika mawe, na gharama ya kuitoa ilipita bei ya kuiuzisha. Kompani ikafa, kambi ikabaki. Leo vilima vya udongo wenye sumu vingali vinasimama pembeni ya nyumba.

Na watu je? Asubuhi mapema wengi wanapanda treni kwenda Bangalore, karibu kilometa mia moja, wanatumika kule, na usiku wanarudi. Bangalore haina zahabu. Lakini tangu mwaka wa 1909 iko na shule kubwa ya sayansi, na leo muji ule unajulikana dunia nzima kwa kazi ya ordinateri. Muangalie vizuri: watoto wa muji uliochimba mawe wanakwenda kutafuta mukate katika muji uliochimba akili.

Mufano mwingine. Jimbo la Jharkhand liko na makaa ya mawe, chuma, shaba, hata uranium. Lakini wakati wa kuhesabu watu, mwaka wa 2011, wanaojua kusoma walikuwa 66 tu kwa mia moja, na jimbo lile ni kati ya maskini. Kerala, kule pwani, haina utajiri ule wa madini, lakini wanaojua kusoma walikuwa 94 kwa mia moja. Wafalme wa zamani, wamisionere na serikali walifungua masomo kule, hata kwa wasichana. Wakristo wa Kerala wanasema ni mutume Tomasi aliwaletea Habari Njema mwaka wa 52.

Na sisi?

Hatusemi shaba na kobalti ni mubaya. Ni zawadi ya Mungu, na imelisha jamaa zetu. Lakini jiwe likitolewa halioti tena. Mutoto anayeacha kalasi kwa kwenda kuokota na kuosha mawe analeta pesa ya leo jioni. Tunajua njaa ya nyumbani, hatuhukumu muzazi yeyote. Tunasema tu: kama pesa ya mawe imeingia, sehemu yake iende kwa masomo ya mutoto, na mwingine kwa shamba, mbele ya kununua televizyo. Mufalme Sulemani, alipoulizwa na Mungu, hakuomba zahabu. Aliomba hekima, na vingine vikafuata.

Maulizo ya kuzungumuza jioni katika jamaa:
1. Kama shimo linafungwa kesho, nyumba yetu itaishi na nini?
2. Kila mutoto wetu anajifunza kazi gani ya mikono ao ya kichwa?
3. Kanisa letu linaweza kufanya nini kwa mutoto anayefukuzwa masomo juu ya minerval?

Mubaki na amani. Mupaka mwezi ujao!