Prado ya Namba E, Mwaka wa Kuundwa 2007

Dar es Salaam umri wa gari husomwa kwenye bampa. “Namba A hiyo, imechoka.” “Namba D, bado ina nguvu.” Muuzaji hutaja herufi kabla hajataja rangi, na Prado yenye namba E hupandishwa bei kwa sababu ya herufi hiyo tu. Ila herufi haisemi gari lilizaliwa lini. Inasema lilisajiliwa lini Tanzania. Prado iliyoundwa Japani mwaka 2007, ikatumika huko miaka na miaka kisha ikapandishwa meli na kushushwa juzi, hupewa namba E ile ile inayopewa gari lililotoka kiwandani mwaka jana.

Nairobi nako watu husoma namba, na wana haki zaidi ya kuiamini. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia nchini, kwa hiyo pengo kati ya namba na mwaka wa kuzaliwa lina kikomo. Uganda ilijiwekea kikomo chake mwaka 2018, miaka 15. Tanzania Bara haikufunga mlango. Iliweka ushuru mlangoni.

Ushuru huo ndio unaoamua familia ya watu saba itapanda nini, kwa hiyo inafaa kuupigia hesabu. Chukua Prado ya petroli ya lita 2.7 na tuseme thamani yake hadi bandarini, kwa kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA), ni shilingi 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, jumla imefika 125. Injini inayozidi cc 2000 hutozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10 juu ya hiyo 125, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Gari lisilofikisha miaka minane litakuwa limelipiwa kodi ya shilingi 62 na senti 25. Likiwa na miaka minane hadi kumi, inaongezwa asilimia 15 ya uchakavu na kodi inafika 84 na ushee. Likizidi miaka kumi, uchakavu ni asilimia 30, na mnunuzi analipa shilingi 106 na nusu kwa kitu cha shilingi 100. Tozo ndogo ndogo, gharama za bandari na ujira wa wakala bado. Viwango hivi vinaweza kuguswa kila Juni bajeti inaposomwa, lakini umbo la hesabu ndilo hilo.

Kwa kuitazama tu, mtu angesema kodi hii inawafukuza watu kwenye magari makuukuu. Yadi za jiji zinasema vingine. Gari la miaka 15 likiwa na thamani ya theluthi moja ya lile la miaka sita, anayelichukua anatoa shilingi 69 kwa jumla, kodi ikiwemo, wakati jirani yake aliyechukua la miaka sita ametoa 162. Asilimia kubwa ya kitu kidogo ni kitu kidogo. Ndiyo maana baba mwenye bajeti ya kununua Noah ya umri wa kati, gari la lita mbili lenye nafasi ya watu wanane, hujikuta anashika usukani wa Land Cruiser yenye viti vya ngozi na injini ya lita 4.7.

Na hapo jina nalo linafanya kazi yake. Watanzania waliyaita magari haya mashangingi, neno lililokuwa la mwanamke mjanja asiyeona haya, na kejeli hiyo ililenga viongozi waliokuwa wakipita nayo vumbi likiwafunika waenda kwa miguu. Kenya ilijaribu kuikata tabia hiyo kwa amri: katika bajeti ya Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwataka mawaziri warudishe magari makubwa na wapande yasiyozidi cc 1800, na serikali ikanunua Volkswagen Passat. Baadhi ya wakubwa waliburuta miguu kuzirudisha funguo. Kejeli imepungua makali, hadhi imebaki, na siku hizi hadhi hiyo inauzwa kwa bei ya mtumba kwa mtu yeyote mwenye mkopo wa chama cha ushirika wa kazini.

Vipi kuhusu zero kilometa? Faida zake hazina ubishi: waranti, kitabu cha sevisi kinachoanza ukurasa wa kwanza, gari lililokusudiwa mafuta na barabara za hapa. Gari jipya la aina hii hununuliwa zaidi na serikali, mashirika na miradi. Familia inayolipa kwa mshahara ni nadra. Hata wenye uwezo wamewahi kukuta foleni. Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, Toyota iliwataka wanunuzi wa Japani watie saini ahadi ya kutoliuza ndani ya mwaka mmoja, na Januari 2022 ikatangaza kwamba anayeagiza sasa huenda akasubiri hadi miaka minne. Katika hali hiyo gari lililotumika miezi sita linaweza kuuzwa ghali kuliko jipya, na neno “mtumba” linapoteza maana tuliyozoea.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huipita bila kuitazama: magari ya miradi. Prado au hadtopu iliyonunuliwa mpya, ikavaa namba za DFP za miradi ya wafadhili, ikazunguka Kigoma na Rukwa, kisha ikapelekwa mnadani mradi ulipofungwa. Imepigwa na barabara mbovu, hilo linaonekana kwenye bushi na shokapu. Lakini ina kitu kimoja ambacho gari linaloshuka melini huwa halina: faili. Mtu aliyekuwa akiisimamia alitakiwa kuandika kila lita na kila chujio la oili. Bushi hubadilishwa kwa siku moja. Historia haina spea.

Historia ndiyo bidhaa adimu katika biashara hii yote, na ajabu ni kwamba Japani wanayo. Kule gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, katika mfumo unaoitwa shaken. Ukaguzi huo, pamoja na kodi ya uzito na bima ya lazima, una gharama ya kumfanya mtu afikirie mara mbili. Gari la petroli likizidi miaka 13, la dizeli likizidi 11, kodi yake ya mwaka hupandishwa kwa kiasi cha asilimia 15. Kwa maneno mengine Japani inatoza uzee ili gari liondoke, na Tanzania inatoza uzee ule ule linapoingia. Katikati ya kodi hizo mbili gari linapita mnadani, na mnadani ndipo inapoandikwa karatasi ambayo mnunuzi wa Kinondoni karibu haioni kamwe.

Karatasi hiyo ni ya ukurasa mmoja. Juu kuna alama ya jumla: 4.5 ni gari safi, 4 ni zuri, 3.5 lina mikwaruzo ya kutosha, na herufi R ni gari lililowahi kugongwa au kurekebishwa sehemu za mwili zinazobeba uzito. Pembeni kuna alama ya ndani, kuanzia A. Chini kuna mchoro wa gari lililofunguliwa kama samaki aliyepasuliwa kukaangwa, umetapakaa herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. S ni kutu, kutoka neno la Kijapani “sabi”. Gari lililoishi Hokkaido, kaskazini, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji, linaweza kung’aa kote juu na kuwa na S nyingi chini ya chesisi. Na kuna kilomita, pamoja na alama ya kuonya pale zisipoweza kuthibitishwa. Gari likifika yadi ya Bongo, karatasi imebaki kwenye simu ya mwagizaji, na kilomita huenda zimesharudishwa nyuma na kijana mwenye kompyuta ndogo kwa muda usiozidi wa kunywa chai.

Fundi mzuri huisoma historia hiyo bila karatasi. Hafungui boneti kwanza. Anachuchumaa kwenye tairi na kutafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu ubavuni: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi nne za chini zinaweza kuwa mpya, kwa hiyo anatafuta ya spea, ambayo mara nyingi haijawahi kugusa lami tangu kiwandani, na anasoma mwaka wake. Kisha anatazama usukani na pedali ya breki. Kilomita 68,000 kwenye dashibodi na mpira wa pedali uliolika hadi chuma ni mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja.

Wanaosogea kwenye mtumba wa umri mdogo, kama Wakenya wanavyolazimika, hukutana na maswali ya namna nyingine, na hapa ndipo ushauri wa kawaida wa “chukua dizeli” unapokwama. Prado ya 150 iliyouzwa Japani kuanzia 2009 ilikuja na injini za petroli tu; dizeli ya lita 2.8 ilirudi Juni 2015. Dizeli hiyo, ile iliyoundwa kwa soko la Japani, ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi na tangi la AdBlue, kimiminika cha urea cha kupunguza sumu ya moshi. Kichujio hujisafisha kwa kuchoma masizi, na hupenda gari linalokimbia kwa muda mrefu barabara kuu. Foleni ya Mbagala au ya Mombasa Road haikipi nafasi hiyo. AdBlue nayo ikikaribia kuisha, dashibodi huanza kuhesabu kilomita zilizobaki, na ikiisha kabisa, ukizima gari haliwaki tena. Mtu yuko njiani na watoto, betri nzima, tangi la mafuta limejaa, na gari limegoma kwa sababu ya kitu ambacho muuzaji hakuwahi kukitaja.

Suala la kichujio si la mafundi wa vichochoroni peke yao. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zaidi ya 260,000, zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, zilikuwa na kasoro katika mfumo huo. Kesi iliendelea hadi mahakama ya juu, pande zote zikibishania fidia. Mnunuzi wa Australia alikuwa na risiti na wakili. Anayenunua mkono wa pili, bara jingine, ana namba ya simu ya dalali.

Kwa Kenya kodi nayo inasukuma upande huo huo: dizeli inayozidi cc 2500 hutozwa ushuru wa bidhaa asilimia 35, huku petroli ikisubiri hadi ivuke cc 3000. Prado ya petroli ya lita 2.7 inabaki kwenye asilimia 25. Injini hiyo ya petroli ni mvivu kupanda mlima, gari lina uzito wa tani mbili na farasi wasiotosha, na wapenda magari huidharau. Kwa familia ya mjini ndiyo ningeichagua.

Je, Tanzania nayo iweke kikomo cha miaka minane? Wanaotaka hivyo wana hoja ya moshi na ajali, na si hoja ya kubeza. Lakini ukomo wa Kenya, pamoja na ushuru wa forodha uliopandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, umemwacha mnunuzi wa kawaida ashindanie magari machache yanayozidi kuzeeka humo humo nchini, maana kikomo hupima umri wa kuingia tu. Jambo la karibu zaidi, na la bei nafuu kwa serikali, ni kufanya karatasi ya mnada iwe sehemu ya nyaraka za forodha, kilomita zake ziandikwe kwenye kadi ya gari pembeni ya mwaka wa kuundwa, na kila kadi inapobadilishwa jina ziandikwe tena. Wakala anaombwa karatasi nyingi tayari. Moja zaidi haitamuua.

Sababu nyingine ya kufanya hivyo ni magari yanayoitwa kurudi kiwandani. Mabegi ya hewa ya Takata, kampuni ya Kijapani iliyofilisika mwaka 2017, yalileta mwito mkubwa kuliko wowote katika historia ya magari, kwa sababu kemikali yake huharibika taratibu kwenye joto na unyevu na begi huweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ni hali ya hewa ya Tanga na Mombasa mwaka mzima. Barua ya mwito, kwa upande wake, hutumwa kwa mwenye gari aliyeko kwenye kumbukumbu za Japani. Namba ya chesisi ikiingizwa kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, jibu hupatikana kwa dakika chache, ila kwanza mtu awe amejua kwamba kuna swali la kuuliza.

Baada ya yote hayo, familia yenyewe. Hoja inayotolewa sebuleni ni Desemba: safari ya Moshi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar, watoto nyuma, mchele na mafuta ya kula kwenye buti, bibi akisubiri Marangu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa wiki mbili. Wiki hamsini zilizobaki gari linaenda shule, kazini na sokoni, linapanda matuta na kusimama kwenye mataa. Na hata hiyo Desemba, anayetaka kujua kama familia itatosha hana haja ya kusoma orodha ya sifa. Awapeleke watoto yadi siku ya Jumamosi, awaingize wakubwa wawili kwenye kiti cha nyuma kabisa cha Prado, afunge mlango, kisha ajaribu kuweka begi moja la safari nyuma yao. Viti vya tatu vikiwa wima, nafasi iliyobaki ni ya mfuko wa vitunguu. Mwenye yadi atasema mizigo inafungwa juu ya keria. Noah iliyoegeshwa pembeni, kwa bei ya chini, nayo ina tatizo hilo hilo, isipokuwa mlango wake unateleza na bibi anaingia bila kuinuliwa.