Jino lililobomoka: lini livikwe kofia?

Kisa hiki hutokea katika nyumba nyingi. Baba ameumwa gego wiki nzima, amekwenda kwa daktari wa meno, mzizi umesafishwa, jino limezibwa na maumivu yamekwisha. Daktari anamtaka arudi kuvikwa kofia. Baba anapiga hesabu ya ada za watoto, anasema: “Jino haliumi tena, kofia ya nini?” Miezi michache baadaye anauma kijiwe katika wali, gego linapasuka hadi ndani ya mzizi. Hapo halina tena tiba isipokuwa kung’olewa.

Kosa lake ni kupima haja ya kofia kwa maumivu. Kipimo sahihi ni kiasi cha jino zima kilichobaki. Kofia ni gamba gumu la madini au kauri linalofunika sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi, ili nguvu ya kutafuna isizipasue kuta zilizodhoofika.

Kwa hiyo, tundu dogo huzibwa tu. Kofia huhitajika pale sehemu ya kuzibwa inapokuwa kubwa kuliko jino lililobaki, pembe ya gego inapokatika, au panapokuwa na ufa unaochoma mtu anapouma kitu na kuachia. Gego lililosafishwa mzizi nalo kwa kawaida huhitaji kofia, kwani uozo na uchimbaji vimelipunguzia kuta, nalo ndilo hubeba mzigo wa kutafuna. Jino la mbele lililotibiwa mzizi, likiwa zima kwa sehemu kubwa, mara nyingi hutosheka kwa kuzibwa.

Lakini pia tusiikimbilie kofia. Ili ikae, daktari huchonga jino pande zote, na kilichochongwa hakirudi. Muulize: Jino zima limebaki kiasi gani? Kwa nini kuziba hakutoshi? Nikichelewa, kuna hatari gani? Kama gharama haijatimia, mweleze waziwazi mpange muda, na usitafunie upande huo.

Wanaume huuliza kuhusu dhahabu. Asili yake ni haramu kwao kuwa pambo, ila wanazuoni wameiruhusu panapokuwa na haja, kwa hadithi ya Arfaja bin As’ad (r.a.), aliyepoteza pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Leo kauri na madini mengine yapo, hivyo haja hiyo ni nadra.

Mwisho, kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza, hasa ukingoni mwa ufizi. Mswaki uliosuniwa kwetu usiachwe kwa kuwa jino limevikwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie siha njema. Amin.