Picha za Banyambala zisiozee sandukuni

Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, mkanda mmoja wa kamera ulitoa picha 36, basi. Mpigapicha akiona krosi inakuja, abonyeze au asubiri? Na hajui kama amelipata bao mpaka mkanda usafishwe. Leo kamera ya dijitali inafyatua mamia, mbovu zinafutwa palepale. Safi sana! Ila tangu magazeti yahamie dijitali, nani anaulizia negativu za zamani? Rungwe mvua haikatiki, na negativu haipatani na unyevu. Wenye picha za Banyambala wazitoe sandukuni. TFF na chama cha soka cha mkoa wa Mbeya wapeleke skana Tukuyu sasa, kabla ukungu haujazila sura za mabingwa.