Programu za simu Migori na Homa Bay: Imani ya wanajamii si mtaji wa bure

KAMPUNI changa inayotaka kuuza programu ya simu kwa mkulima wa Rongo au mchuuzi wa omena mjini Mbita hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: ni nani atakayemshawishi mteja huyo kuwa programu yenyewe ina manufaa?

Jijini Nairobi, jibu la kawaida ni matangazo. Mabango huinuliwa kando ya barabara kuu, vituo vya redio hulipwa na mitandao ya kijamii hujazwa picha. Katika kaunti za Migori na Homa Bay jibu hilo aghalabu halifui dafu, na sababu ya kwanza ni ya kihesabu.

Chukua mfano wa kampuni inayomtoza mkulima Sh50 kwa mwezi ili kumpa ushauri wa kilimo. Mapato yake ya mwaka mzima kutoka kwa mkulima huyo ni Sh600. Ikiwa kampuni itatumia Sh1,000 katika matangazo ili kumpata, itakuwa imekula hasara hata kabla ya kulipia seva, ujumbe mfupi na mishahara.

Sababu ya pili ni mteja mwenyewe. Mtu ambaye kipato chake hutegemea mvua, au samaki waliopatikana usiku huo, hatoi shilingi yake kwa kuwa ameona bango. Humuuliza jirani kwanza.

Ndiyo maana kampuni nyingi za programu zimeelekea njia nyingine. Hutoa bila malipo maarifa yanayomfaa mtu leo, huwakusanya watumiaji wayajadili, kisha huwaachia waliofaidika kazi ya kuwaleta wenzao. Ukuaji wa aina hii hausukumwi na bajeti ya matangazo, bali na maneno ya mtu kwa mtu.

Kwa kaunti mbili ambazo kwa mujibu wa sensa ya 2019 zina jumla ya watu zaidi ya milioni 2.2, njia hii ina mvuto mkubwa. Hata hivyo, kuna swali ambalo huulizwa nadra: wanajamii wanaoifanya kazi hiyo ya kuikuza kampuni hubakiwa na nini?

FUNZO LA SHAMBANI MBITA

Njia yenyewe si ngeni katika eneo hili. Ilitumika hapa kabla ya simu ya mkono kumfikia mwananchi wa kawaida.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha kimataifa cha ICIPE wakiwa Mbita, kwa ushirikiano na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza, walibuni mbinu ya kupambana na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Mmea wa desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo. Majani ya nepia hupandwa kuzunguka shamba ili kuwavuta nondo hao nje.

Baadaye ilibainika kuwa mizizi ya desmodiamu hukandamiza pia kayongo, jina ambalo Waluo hulipa gugu la striga linalonyonya mahindi. Fauka ya hayo, mimea yote miwili ni lishe ya ng'ombe.

Mbinu hiyo ilienea kupitia siku za maonyesho mashambani, mabaraza, vipindi vya redio na, zaidi ya yote, wakulima waliofunzwa ili wawafunze wenzao. Mkulima aliamini alipoona mahindi ya jirani yakinawiri mahali ambapo msimu uliotangulia palikuwa na kayongo.

Funzo la Mbita ni kwamba maarifa husafiri haraka yanapokuwa na ushahidi unaoonekana kwa macho na yanapobebwa na mtu anayeaminika. Lakini lipo funzo la pili: hata kama kituo cha utafiti kingefungwa, mkulima aliyekwisha kujifunza angebaki na desmodiamu yake shambani. Maarifa yalihamia kwake moja kwa moja.

KUTOKA DUKANI HADI KWENYE SIMU

Safaricom ilipozindua M-Pesa mnamo Machi 2007, haikubana matumizi ya matangazo. Wito wake wa kutuma pesa nyumbani ulisikika kote nchini. Lakini tangazo halikumfundisha mzee wa kijijini kubonyeza namba ya siri. Kazi hiyo ilifanywa na wakala, aghalabu mwenye duka ambaye tayari alimjua mteja wake kwa jina, pamoja na vijana walioko mijini waliowaelekeza wazazi wao kwa simu.

Mwenye duka alilipwa kamisheni kwa kila muamala. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya M-Pesa na huduma nyingi zilizoifuata: aliyetoa imani yake kwa niaba ya kampuni alipata fungu, japo dogo, la kile kilichovunwa.

Wefarm, kampuni iliyoanzishwa na Waingereza na kuanza huduma yake nchini Kenya mnamo 2015, ilifuata mkondo tofauti. Mkulima asiyekuwa na intaneti aliweza kutuma swali kwa ujumbe mfupi bila malipo, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa baadhi ya lugha za Uganda. Kompyuta ililichambua swali hilo na kulipeleka kwa wakulima wengine walioelekea kulijua jibu.

Kufikia 2019, huduma hiyo ilikuwa na takriban watumiaji milioni mbili katika Afrika Mashariki, na mwaka huo kampuni ilipata dola milioni 13 kutoka kwa wawekezaji. Kilichowavutia wawekezaji hakikuwa programu peke yake, kwa kuwa programu ya kupokea na kutuma ujumbe inaweza kuigwa. Kilichokuwa na thamani ni wakulima wenyewe, maswali yao na majibu yao.

Kwa maneno mengine, mkulima alikuwa mteja, mwalimu, mwandishi na mtangazaji kwa wakati mmoja.

Mjadala huu unagusa moja kwa moja Migori na Homa Bay kwa sababu kaunti hizi zina hazina ambayo kampuni yoyote ya programu ingeitamani: vikundi ambavyo tayari vimejijenga.

Katika fuo za Muhuru Bay, Sori, Sindo na Kendu Bay, kuna vikundi vya kusimamia fuo, maarufu kama BMU, vilivyopewa nguvu na kanuni za 2007. Vikundi hivi huwaunganisha wenye mashua, wavuvi na wachuuzi wa samaki. Mashinani kuna vyama vya akina mama vya kuweka akiba, na pia vyama vya wakulima.

Katika sekta ya afya, wahamasishaji wa afya ya jamii hutembelea nyumba moja baada ya nyingine. Mnamo Septemba 2023, serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kuwapa wahamasishaji zaidi ya 100,000 kote nchini vifaa vya kazi, zikiwemo simu za kunakili taarifa.

Eneo la Kamagambo Kaskazini, Kaunti ya Migori, lilikuwa limeonyesha nguvu ya mtandao wa aina hii mapema. Kliniki ya Lwala, iliyofunguliwa mwaka wa 2007 kwa juhudi za ndugu wawili wazaliwa wa kijiji hicho, iliwageukia hata wakunga wa jadi na kuwafanya wahudumu wa afya wanaolipwa. Badala ya kushindana na watu ambao wanawake waliwaamini, iliwaajiri.

Katika kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, kituo cha Ekialo Kiona kilibuni mpango wa kuwapa wakazi huduma ya kompyuta na intaneti bila malipo, kwa sharti kuwa mtu apimwe virusi vya Ukimwi kila baada ya miezi sita. Kituo hicho pia kilianzisha redio inayotangaza kwa lugha ya Kisuba. Intaneti, ambayo kwingine huuzwa, hapa ilikuwa kivutio cha kuwaleta watu pamoja kwa jambo lililohusu uhai wao.

Mifano hii yote ina sifa moja: jamii haikujengwa na programu. Programu ndiyo iliyoikuta jamii, ikaomba nafasi ndani yake.

IMANI HAILIPI MADENI

Walakini, kupendwa na wanajamii si sawa na kuwa na biashara imara. Copia, kampuni iliyoanza mnamo 2013, iliwatumia wenye maduka na watu wengine wa mashinani kama mawakala wa kupokea oda za bidhaa kwa njia ya simu. Mnamo Januari 2022 ilitangaza kupata dola milioni 50 kutoka kwa wawekezaji. Mnamo Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi baada ya kushindwa kupata fedha zaidi.

Mawakala walikuwepo na wateja pia walikuwepo. Kilichopungua ni faida ya kugharimia shughuli pesa za wawekezaji zilipokwisha.

Kampuni inapoanguka hivyo, hasara ya mwekezaji huandikwa katika vitabu vya hesabu. Hasara ya wakala haiandikwi popote. Yeye ndiye aliyewaambia majirani zake kuwa huduma hiyo ni ya kutegemewa, na ndiye atakayekutana nao sokoni siku ifuatayo. Kampuni nyingine ikija mwaka ujao na programu bora zaidi, itakuta mlango umeshafungwa.

Kuna pia suala la nani anayemiliki kilichokusanywa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humpa mtu haki ya kujua jinsi taarifa zake zinavyotumiwa, kupinga matumizi hayo na kuziomba ili azihamishie kwingine. Katika kaunti mbili ambazo ni miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi nchini, haki hizo si jambo dogo. Kundi la watumiaji linaloanza kwa kuulizana kuhusu dawa au lishe laweza kufichua hali ya afya ya mtu kwa majirani wake wote.

Hata hivyo, haki hizo zimeandikwa kwa ajili ya mtu binafsi. Maelfu ya majibu ambayo wakulima wamepeana kwa miaka mingi, au rekodi za bei ambazo kikundi cha ufuo kimekusanya, ni kazi ya kundi. Kampuni ikifunga seva zake, kazi hiyo yote yaweza kutoweka nayo. Kuhamia kwenye makundi ya WhatsApp au Facebook hakutatui tatizo, kwa kuwa huko pia mwenye uwanja ni mwingine, na anaweza kubadilisha masharti wakati wowote.

Njia mbadala ipo, nayo imejaribiwa hapa nchini. OpenMRS, programu huria ya kuhifadhi rekodi za wagonjwa iliyoanza kubuniwa mnamo 2004, ilianza kutumika Eldoret mnamo 2006 na baadaye ikawa msingi wa KenyaEMR, mfumo unaotumika katika vituo vya kuwatibu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Imekuzwa na jamii ya wataalamu kutoka mataifa mengi wanaosaidiana kuirekebisha na kuandika maelezo ya matumizi yake.

Hakuna anayeuza programu yenyewe. Anayetaka riziki huipata kwa kuisimika, kuwafunza watumiaji na kuikarabati. Mshirika mmoja akiondoka, programu hubaki na mwingine huendeleza kazi.

Si kila biashara inaweza kufuata mfano huo kikamilifu, kwani wengi wa waasisi wa OpenMRS walikuwa na mishahara au ufadhili kutoka kwingine. Lakini kanuni yake inaweza kuazimwa.

Kampuni inayokwenda Migori au Homa Bay ikitegemea sauti za wanajamii yapaswa kuanza kutoza ada mapema, japo ndogo, badala ya kuwazoesha watu huduma ya bure ambayo haitadumu. Yapaswa kumlipa anayeleta wateja, kama mwenye duka alivyolipwa na M-Pesa. Na yapaswa kuahidi kwa maandishi kuwa kikundi kitapewa nakala ya maarifa kiliyoyakusanya, kwa namna inayoweza kusomwa bila programu ya kampuni, huku siri za watu binafsi zikilindwa.

Serikali za kaunti nazo zina nafasi yao. Kampuni za programu hubisha hodi katika ofisi zao zikitafuta kutambulishwa kwa wakulima, wavuvi na wahudumu wa afya. Utambulisho huo ni kitu cha thamani, kwa maana kampuni huwa inaazimwa imani ya umma. Masharti ya malipo na ya umiliki wa data yangefaa kuwekwa mezani siku hiyo, wala si baada ya kampuni kufunga ofisi.

Vikundi vyenyewe pia havina budi kutambua nguvu yake. BMU yenye wanachama mia kadhaa si mpokeaji wa hisani anayepaswa kushukuru kwa kukumbukwa. Ni mlango wa soko ambalo kampuni haiwezi kulifikia kwa matangazo, na mwenye mlango huwa na haki ya kuuliza atakachobakiwa nacho mgeni atakapoondoka.

Mkulima wa Mbita aliyepanda desmodiamu hakuhitaji kuuliza swali hilo, kwa sababu jibu lilikuwa limeota shambani mwake. Mwenzake wa leo, ambaye maarifa yake yamehifadhiwa katika seva asiyoijua iliko, hana budi kuliuliza kabla hajamwita jirani yake ajiunge.