Kamera Inayomfuata Mtu



Toka Miritini mpaka Magongo, na kule Likoni na Kisauni, ni shida siku hizi kuliona ghala lisilo na kamera. Sasa imekuja ya kichwa kinachogeuka: mtu akipita yamwona, ikamfuata mpaka atoke. Wanachama wametuuliza, je, tuipinge? Twajibu, hapana. Lakini tusiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Kamera hii haina akili ya mlinzi. Yalinganisha picha ya sasa na ile iliyotangulia; palipobadilika kitu, huko ndiko inakogeukia. Nyingine husikia joto la mwili. Katika ua mkubwa uliotulia usiku, yafaa sana, kwani mlinzi mmoja hawezi kuukodolea macho ukuta mzima tangu magharibi hata alfajiri. Kengele ikilia, ajua aelekee wapi. Na mpakiaji akigongwa na gari la kunyanyulia mizigo, picha itasema ni nani aliyerudi nyuma bila kupiga honi. Kesi ya fidia hupotea kwa kukosa shahidi.

Lakini hapa ni pwani. Kusi ikivuma, turubai hupepea, nayo kamera hufuata turubai. Buibui hutanda mbele ya kioo, maana taa yake ya usiku huita wadudu. Chumvi ya bahari hula vyuma. Umeme ukikatika na betri haipo, ni kioo tu. Na kubwa zaidi: inapomfuata mmoja, upande wa pili hauoni. Wezi wakimtuma mwenzao apite mbele akipiga miluzi, wao watakata waya nyuma kwa raha zao. Kwa hiyo yahitaji kamera nyingine zisizogeuka, na yahitaji mtu.

Mtu ndiye shauri lenyewe. Tajiri apiga hesabu: kamera moja yaingia, walinzi wawili watoke. Na tumkumbushe Likoni. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kinyumenyume likatumbukia kutoka feri ya MV Harambee, mama na mtoto wake wakiwa ndani. Watu walipiga picha kwa simu, na nchi nzima ikaona. Gari lilitolewa majini tarehe 11 Oktoba. Picha ilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kuzama upesi.

Tena kamera iliyotundikwa kwa ajili ya mwizi hugeuzwa ikamtazama mfanya kazi. Mwenzetu mmoja, mlinzi wa ghala hapa Changamwe, alisimamishwa kazi kwa kuwa picha zilionyesha ametoka kibandani dakika 11. Kumbe alikwenda kulifungulia lori geti la nyuma, ambako kamera haifiki. Dereva akashuhudia, naye akarudishwa. Je, dereva yule angekuwa amekwisha kwenda zake Malaba? Wazee wetu walitembea na kipande shingoni, na hakikuondolewa mpaka 1947. Hatutaki kingine cha ukutani.

Sheria zipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zatumiwaje, picha zikiwamo, na kuomba azione. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yamtaka tajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akiwapo.

Basi twataka mkataba uandike kamera zatazama wapi, na zisiwe chooni kamwe wala mahali pa kubadilishia nguo. Uandike nani azitazama na picha zakaa siku ngapi. Mwanachama akishtakiwa apewe picha za zamu nzima, si dakika zile alizozichagua msimamizi. Wala asipunguzwe mlinzi kwa sababu ya kamera; juu ya hili hatutarudi nyuma hata hatua moja.

Wawakilishi wa kila ghala, hesabuni kamera zenu, andikeni kila moja imeelekea wapi, mkamletee katibu wa tawi karatasi hiyo kabla ya mazungumzo ya mkataba. Penye kamera inayotazama mahali pa kulia chakula, anzeni na hiyo.